Nani Alipuliza Kioo

Ninaandika polepole. Shule niliishia darasa la saba, na katika kila mtihani nilikuwa wa mwisho kuweka kalamu chini, mwalimu amesimama pembeni yangu, mkono umenyooka kusubiri karatasi. Atakayesoma haya avumilie. Sitayakata yawe mafupi ili kumfurahisha mtu aliyesoma kunizidi.

Kazi yangu hapa Guangzhou ni ubao. Shangazi yangu, dada yake baba, ana ofisi na stoo katika jengo la Tianxiu. Ananunua taa na vifaa vya umeme na kuvipeleka Dar es Salaam. Msichana aliyekuwa akimsaidia alipoolewa, Shangazi aliniita mimi. Sasa huu ni mwaka wa tatu.

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi chenye holda ishirini na nne na swichi moja. Mzigo ukifika kutoka kiwandani nafungua boksi, nachomoa balbu za chini, za katikati na za juu, kwa sababu wenye viwanda hupenda kuweka nzuri juu. Nazifunga kwenye ubao, nawasha. Zikiwaka zote nazirudisha, nabandika tepu, kisha nachora alama yangu kwenye kifuniko kwa makapeni, kalamu nene ya wino: duara lenye mkia mfupi chini, mfano wa balbu. Kariakoo wanaijua alama hiyo. Mwenye duka akiiona hafungui boksi kutafuta zilizokufa, anapanga tu rafuni. Sijawahi kukutana na hata mmoja wa watu hao wanaoiamini alama yangu, na naona ni heri, maana wangenitazama usoni ningeangalia chini.

Mimi ni mwoga wa watu, sikatai. Mtu akinisalimia ghafla, jibu hunitoka yeye ameshapita. Lakini kwenye ubao siogopi. Nikishika balbu najua ninachokifanya. Ndiyo sababu nataka kueleza siku nilipoambiwa nitie alama au nirudi nyumbani, na kwa nini sikutia.

Nianze na mzee.

Nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, katika kichochoro kinachonuka mafuta ya kukaangia, kuna mzee wa Kichina anayetengeneza taa mbovu. Meza yake iko mlangoni, nusu ndani nusu nje. Wenyeji humwita shifu, ndivyo wanavyomwita fundi mwenye heshima yake, nami namwita hivyo hivyo. Zamani alikuwa mpuliza kioo katika kiwanda cha balbu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vimelainishwa na moto mpaka havina mistari tena, simu yake mwenyewe haimtambui, inabidi afungue kwa namba. Nilikwenda kwake kwa mara ya kwanza kununua holda ya ubao. Nikarudi wiki iliyofuata bila cha kununua.

Tunaongea kwa Kichina changu cha sokoni, kwa mikono, na kwa simu inayotafsiri. Mazungumzo ya namna hiyo yananifaa. Hakuna anayenikimbiza. Yeye anaongea na simu, mimi nasoma, nafikiri, naandika, yeye anavaa miwani, anasoma. Kikombe cha chai hupoa katikati ya sentensi mbili.

Siku moja alinionyesha kijiti cheusi, chembamba kuliko uzi wa kushonea viatu. Ilikuwa mianzi. Alikuwa ameichonga, akaizika ndani ya kopo lililojaa unga wa mkaa, akafunika na kuichoma jikoni saa nyingi mpaka ikawa mkaa yenyewe bila kuungua. Akakishika kijiti kwa vibano viwili vilivyounganishwa na betri, akaniashiria nitazame. Kikawaka rangi ya chungwa, kizuri kweli, halafu kikakatika na kuwa moshi, hata pumzi moja sikuimaliza.

Akaandika kwenye simu: "Hewa imekula."

Kisha akanieleza. Mwanzoni kabisa, akasema, taa ya umeme haikuwa na uzi wala kioo cha mviringo. Walisogeza vipande viwili vya mkaa karibu karibu, umeme ukaruka katikati, ukatoa mwanga mkali kama wa mchomeleaji wa vyuma. Mwanga wa barabarani, si wa chumbani. Nani angekula chakula chini ya mwanga kama ule. Ndipo watu wakatafuta kitu cha kuwaka kwa upole. Wengine wakatumia waya wa madini ya thamani ambayo leo watu wanavaa kama pete. Uliwaka, lakini nani angeweza kununua taa kama hiyo. Wengine wakatumia karatasi iliyochomwa ikawa mkaa, na kila mara hewa ikaila. Mwingereza mmoja aliyekuwa muuza dawa alihangaika nayo tangu ujana mpaka ndevu zikawa nyeupe. Alijua tatizo ni hewa iliyobaki ndani ya kioo, lakini pampu za wakati huo zilikuwa dhaifu. Balbu zake zilikuwa nyeusi kwa ndani kama kibatari. Baadaye akatokea mwingine aliyetengeneza pampu ya zebaki: matone ya zebaki yanashuka ndani ya mrija, kila tone linaburuta hewa kidogo, taratibu, taratibu, mpaka ndani ya kioo hakuna kitu. Hapo ndipo uzi ulipopata kuishi. Yule Mmarekani anayejulikana na kila mtu aliingia wakati huo, na karakana yake na wafanyakazi wengi. Wakachoma uzi wa pamba, ukawaka kwa saa nyingi. Wakachoma kadi. Wakachoma mianzi kutoka huku Mashariki, na mianzi ndiyo iliyodumu.

Shifu hapendi hadithi za mtu mmoja aliyefanya yote peke yake. Kila alipomtaja mtu mkubwa katika hadithi hiyo alitua, akagonga meza kwa kidole chake kisicho na mistari, akauliza swali lile lile: "Nani alipuliza kioo?" Maana Mmarekani hakupuliza, akasema. Alimwajiri mpuliza kioo. Yule muuza dawa naye alihitaji mikono ya mwingine. Bila mtu wa kukaa mbele ya moto na kukiziba kioo kwenye nyaya bila kuacha tundu, uzi wote wa dunia usingefaa kitu.

Kuna mmoja ambaye shifu hakuwa akimjua, nilimleta mimi. Nilimpata mwenyewe kwenye simu, nikisoma kwa tafsiri, mistari michache kwa siku, kwa wiki karibu mbili. Mtu mweusi, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwani. Alianza kazi kama kijana wa ofisini, akawa anawatazama wachoraji wa ramani za mashine, akajifundisha kuchora mpaka akawazidi. Nyuzi za mkaa zilikuwa zikipinda na kuvunjika wakati wa kuchomwa. Yeye akabuni namna ya kuzifunga ndani ya bahasha za kadi, zikiiva zinasinyaa na kutanuka pamoja na bahasha, zinatoka nzima. Kisha akaandika kitabu cha kufundisha watu taa ya umeme. Shifu alisoma habari hiyo mara mbili. Akainuka, akanimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Majina yao siyaandiki. Wenye majina wameshaandikwa vya kutosha, na wasio nayo hawatapata yao kwa kalamu yangu.

Jambo moja zaidi alinifundisha shifu, na hili ndilo lililoniletea mkasa. Kuna balbu za siku hizi zinazoigiza zile za kale. Kioo kisicho na rangi, ndani nyuzi ndefu za njano, watu wanazipenda hotelini na kwenye kumbi za harusi. Nyuzi hizo si mkaa. Ni taa ndogo ndogo za kisasa zilizopangwa kwenye kijiti, na adui wa balbu kama hiyo si hewa, ni joto lake yenyewe. Kwa hiyo kiwandani wanaitoa hewa, kisha wanatia gesi nyepesi, ile ile ya maputo ya sherehe yanayopaa. Gesi ndiyo inayobeba joto kutoka kwenye uzi na kulipeleka kwenye kioo. Gesi hiyo ni ghali. Mwenye kiwanda mwenye tamaa huiruka: anatoa hewa, anaziba. Balbu inawaka vizuri kabisa. Joto halina njia, linarudi kupitia nyaya hadi shingoni, na uzi unajipika.

"Nzuri, kioo kinakuwa vuguvugu," aliandika. "Mbaya, kioo baridi, shingo moto."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, kwa sababu yalikuwa kinyume cha yale tunayoyajua sote. Mfanyabiashara yeyote wa taa kutoka kwetu hufanya jambo moja akiletewa balbu: anaiwasha, anasubiri kidogo, anaigusa kioo. Kikiwa cha moto, anakunja uso, hiyo inakula umeme. Kikiwa baridi, anatabasamu, hiyo ndiyo yenyewe. Tulijifunza hivyo tulipoacha balbu za zamani zilizokuwa zikiunguza vidole. Shangazi ananunua hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipima hivyo.

Sasa nimlete injinia. Ndivyo Shangazi anavyomwita, ingawa bado anasoma. Ni kijana wa kutoka Mbeya, yuko hapa kwa ufadhili, chuo kikuu, na siku za mapumziko humsaidia Shangazi kuongea na wenye viwanda. Kichina chake kinatiririka. Si mtu mbaya. Ana sauti kubwa, ana viatu vyeupe, na mimi ananiita Profesa kwa sababu nasoma nikifuata mstari kwa kidole. Mara ya kwanza nilicheka pamoja naye. Mara ya ishirini nilikuwa nimeacha.

Siku ile alikuja na mzigo mwenyewe. Maboksi arobaini ya balbu za nyuzi kutoka kiwanda kimoja kidogo njia ya Huadu. Kiwanda alikipata yeye. Zilikuwa za mtu anayejenga ukumbi wa harusi Dar, naye alishapiga simu mara tatu kuuliza. Kontena lilikuwa linafungwa kesho yake asubuhi. Shangazi alichomoa balbu moja, akaifunga, akaiwasha, akaigusa. Uso ukamfunguka.

"Baridi kama imetoka kisimani," akasema. "Injinia, umenitendea haki."

Injinia akaanza kumweleza jinsi balbu ilivyovumbuliwa. Mtu mmoja, akasema, mmoja tu, alijaribu na kushindwa mara nyingi kuliko nywele za kichwani, wenzake wote wamekata tamaa, na usiku mmoja akawasha ulimwengu. Siri yake ilikuwa nini? Utupu. Aliondoa hewa. Balbu bora ni ile isiyo na kitu ndani, na hizi, mwenye kiwanda alimwapia, hewa imetolewa yote.

Nilisimama kwenye ubao nikisikia hayo na vidole vyangu viko kwenye shingo ya balbu ile ile. Ilikuwa moto kiasi kwamba niliiachia.

Nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba hizi zinahitaji gesi. Shangazi akauliza ninanong'ona nini. Nikarudia. Injinia akacheka, si kwa ubaya.

"Balbu ni utupu, Profesa. Hata mtoto wa fomu tuu anajua."

"Za zamani," nikasema.

Shangazi hakupenda. Akaniambia nipime kama kawaida, sekunde kumi kwa kila safu, nitie alama, wabebaji waje wachukue. Nikafunga balbu ishirini na nne, nikawasha. Zikawaka zote, dhahabu tupu, stoo ikapendeza kama ndani ya msahafu wenye nakshi. Nikamwomba Shangazi ziachwe ziwake mpaka alasiri. Adhuhuri ilikuwa imetoka kuadhiniwa kwenye simu yake. Akanitazama kama niliyemwomba tuhamie mwezini. Maboksi arobaini, wabebaji wako chini, na mimi nataka kukaa kutazama taa.

Akaenda kuswali kwenye kona ya ofisi. Sikuzima. Alipomaliza akazikuta bado zinawaka, akazigusa kioo moja baada ya nyingine, zote baridi. Nikamwomba aguse shingo. Akagusa, akatoa mkono haraka. Injinia akasema shingoni ndimo kilimo kifaa cha umeme, lazima pawe na joto. Jibu zuri. Kama nisingekuwa nimekaa kwa shifu ningelikubali.

Lisaa likapita. Hakuna hata moja iliyokufa. Injinia akazihesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka ishirini na nne, kama anayefundisha watoto. Shangazi akaniletea makapeni mkononi.

"Tia alama."

Nikatikisa kichwa.

"Hivi wewe una nini leo? Sikuulizi kuhusu gesi. Zinawaka, haziwaki?"

"Zinawaka, Shangazi."

"Basi tia alama."

"Sitii."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sijawahi kumwambia mkubwa neno kama hilo. Shangazi hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa rahisi. Alisema taratibu kwamba alinitoa nyumbani kwa sababu baba alimwambia sina maneno mengi, na kwamba wasichana wanaoweza kuchora duara ni wengi. Kama sitii alama leo, wiki ijayo atanikatia tiketi ya kurudi. Kisha akachukua makapeni, akampa injinia.

Injinia akasita. Hilo namshukuru, alisita. Halafu akainama kwenye boksi la kwanza, akachora duara, akachora mkia. Alichora vizuri kuliko mimi. Duara langu hupinda upande mmoja, lake lilikuwa kama la bakuli.

Pale pale woga ukanitoka. Wanirudishe nyumbani, sawa, nyumbani ni nyumbani. Lakini mtu wa Kariakoo angeiona ile alama rafuni, na asingefungua boksi. Angeamini ni mimi. Nikamsogeza injinia kwa bega, nikashika kifuniko cha boksi kwa mikono miwili, nikakichana. Boksi gumu lile, halichaniki mara moja. Nilichana, nikapinda, nikachana tena, hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia, mpaka kipande chenye alama kikabaki mkononi mwangu.

"Hii ni yangu," nikasema. "Chora yako."

Shangazi akaniambia nikusanye vitu vyangu.

Nikajibu kwamba nitakusanya alasiri, nikizima ubao. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya zile taa, kipande cha boksi kikiwa mapajani. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu. Nilijua shifu anaweza kuwa amekosea. Mzee wa miaka mingi, kioo alichopuliza si cha balbu hizi. Niliwaza pia kwamba hata akiwa amekosea sitajuta kukichana kile kifuniko. Wabebaji walipanda, wakaambiwa wasubiri, wakakaa juu ya maboksi mengine wakacheza na simu zao. Shangazi alikuwa hawezi kuwaruhusu wabebe na hawezi kuwafukuza. Nadhani ile shingo ya moto ilikuwa bado inamwasha kidoleni.

Ya kwanza ilianza bila kelele, safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto. Uzi mmoja ndani yake ulibadilika rangi, dhahabu ikawa samawati iliyochafuka. Ukakonyeza. Ukatulia. Nikafikiri macho yangu yamechoka. Kisha balbu nzima ikakonyeza mara nne tano ikazimika. Sikugeuka hata kumtazama mtu. Mbebaji mmoja ndiye aliyeinua kichwa, akasema kwa Kichina kwamba moja imekufa.

Injinia akasema moja kati ya ishirini na nne si jambo la ajabu. Kweli, si la ajabu. Ikafuata ya pili. Ya tatu na ya nne zilikufa karibu pamoja. Baada ya hapo hata zilizobaki zilikuwa si zile za adhuhuri, mwanga umefifia, umekuwa wa kijivu, na stoo ikaanza kunuka plastiki iliyopashwa moto. Simu ya Shangazi ilipoadhini alasiri, zilizokufa zilikuwa tisa.

Nikazima ubao. Nikasimama kwenda kuchukua begi langu.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akauliza.

Nikamkumbusha alichosema.

"Nilisema alasiri? Wewe ndiye uliyesema alasiri." Akawageukia wabebaji, akawaambia washuke. Kisha akampigia mwenye kiwanda, akamwita laoban, bosi, kwa sauti tamu kabisa, na kumwambia aje achukue taka zake. Laoban alisema hakuna tatizo, hakuna tatizo, kama wanavyosema wote. Shangazi akamjibu matatizo anayo yeye, arobaini, yako ghorofani. Kwangu hakusema samahani, nami sikuitarajia. Jioni alinipakulia samaki upande wa kichwa, ambao huwa wake.

Kontena likaondoka bila balbu. Mwenye ukumbi wa harusi alikasirika, akasubiri, akapata nyingine kwenye kontena lililofuata, kutoka kiwanda kingine, za vioo vuguvugu.

Ningeishia hapo, lakini kuna Ijumaa moja baadaye. Baada ya swala tulikwenda kula kwenye mgahawa mmoja wa Huanshi Zhonglu, wafanyabiashara wa kwetu kama kumi na wawili, meza mbili zimeunganishwa. Injinia alikuwepo, japo yeye ni Mkristo, anakuja kwa ajili ya wali. Wakamwuliza habari za balbu mbovu, maana zilishasikika jengo zima. Akaanza kusimulia. Tulishuku, akasema. Tukaamua tuziache ziwake. Tukagundua gesi haimo. Watu wakatikisa vichwa, mmoja akasema ndiyo maana serikali inasomesha vijana. Naye akanogewa, akarudi kwa yule mtu wake mmoja aliyewasha ulimwengu peke yake.

Nilikuwa mwisho wa meza, karibu na birika. Hapo ndipo mahali pangu, hakuna anayenitupia neno. Nikasikia kijiko changu kikigonga meza, na kumbe ni mimi ninayekigonga, kama shifu na kidole chake.

"Nani alipuliza kioo?" nikauliza.

Injinia akaniuliza kioo gani, Profesa.

"Cha huyo mtu wako mmoja. Alipuliza mwenyewe? Na pampu alitengeneza mwenyewe? Na nyuzi zilipokuwa zinapinda, nani alizinyoosha?"

Uso ulikuwa unaniwaka na nilitamani kuingia chini ya meza, lakini sikuangalia chini. Nikawaeleza. Nilieleza polepole, nikatua pale nilipokosa neno, na hakuna aliyenimalizia. Muuza dawa na balbu zake nyeusi. Matone ya zebaki. Mpuliza kioo mbele ya moto. Mtoto wa watumwa waliotoroka na bahasha zake za kadi. Chai yao ilipoa. Nilipofika mwisho mzee mmoja muuza vitenge aliuliza, na hizi balbu za juzi, ni nani hasa aliyezikataa.

Injinia akatazama sahani yake. Shangazi akanyoosha kijiko upande wangu.

"Aliyechana boksi langu ni huyo pale," akasema. "Na boksi lenyewe hajanilipa."

Wakacheka wote, na injinia akacheka nao, kisha akaja kukaa upande wa birika na kuniomba nimpeleke kwa huyo shifu. Nilimpeleka. Shifu alimpa ashike vibano na kijiti cha mianzi, kikawaka, kikamwunguza.

Siku hizi kila boksi la balbu za nyuzi linalofika stoo kwetu balbu zake zinawaka adhuhuri mpaka alasiri. Jengoni wanauita mtihani wa Shangazi. Sikatazi mtu. Najua nilikuwa wapi saa zile, na kipande cha boksi ninacho, kiko chini ya godoro, kina duara zuri ambalo si langu.

Injinia bado anakuja siku za mapumziko. Husimama mlangoni pa lifti na toroli, ameshika kitufe, ananiambia nifanye haraka kidogo, lifti imefika. Mimi nachora duara langu linalopinda, natia mkia, nahamia boksi la pili. Lifti inaondoka. Tunaisubiri irudi.